Mtu wa Kwanza wa Torqueval

Jioni ya mkesha wa Marehemu Wote, Mahaut alitoka nyumbani kwenda kanisani kumwambia fundi Toustain aache kazi, kwa sababu Padre hakutaka nyundo isikike siku ya wafu. Ilikuwa safari fupi. Unashuka kilima, unapita shamba la matofaa, unavuka kijito kwa mawe, umefika. Tangu aolewe Torqueval alikuwa akiipita njia hiyo, na hakuwahi kuiogopa.

Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Kesho.

Kesho mwanawe Auvray, mtoto wa miezi sita, angebebwa hadi mlangoni pa kanisa mbele ya mahakimu wa Mtawala wa Normandia. Ndiyo desturi ya Torqueval. Mrithi mchanga hutajiwa baba zake mmoja mmoja, kwenda nyuma, mpaka kwa yule aliyepewa ardhi kwa mara ya kwanza. Ukikwama kabla ya kumfikia huyo, ardhi inakwenda kwa mwanamume mtu mzima wa nyumba ile, ambaye huapa kwa upanga wake tu, basi. Na mwanamume huyo alikuwepo, mzima wa afya, akila na kunywa: Guérin, mdogo wa marehemu mumewe.

Majina aliyokuwa nayo yalikuwa haya. Robert, mumewe. Kabla yake Enguerrand. Kabla yake Herluin. Kabla yake Anquetil. Kisha hakuna. Padre Foulques alikuwa amezunguka tangu mavuno, monasteri hadi monasteri, akirudi na matope mpaka magotini. Ya kwanza walimwambia kwamba mtu wa kwanza wa Torqueval alitoka Denmark na merikebu zake. Ya pili walisema ni mtu wa Bretania aliyefukuzwa kwao. Ya tatu, mtawa mmoja mzee alimwinamia akanong'ona kwamba mtu yule hakuwa na kwao. Alionekana ufukweni asubuhi moja, amelowa, na hakuna aliyeona merikebu. Jina lake hakulijua hata mmoja wao. Watu wa Torqueval walimwita Yule wa Kwanza, na walipomtaja walishusha sauti.

Kwenye mawe ya kijito alisimama mtu.

Alivaa joho lenye kofia, kama mahujaji wanaokwenda Mlima wa Mtakatifu Mikaeli. Mahujaji walipita hapo mara kwa mara. Mahaut akamsalimu.

"Jioni njema, Mahaut binti Auvray," alijibu mtu yule.

Mahaut akasimama. Hapo Torqueval walimwita bibi mbele yake na binti wa chumvi nyuma yake, kwa sababu baba yake alikuwa mchemsha chumvi wa ghuba ya Avranches. Jina la baba yake halikuwa midomoni mwa mtu yeyote, ndiyo maana alimpa mwanawe.

"Unanijua?"

"Naijua nyumba yako. Unatafuta jina, na mapadre hawana. Ninalo mimi."

"Basi litaje."

"Hapa? Litakwenda na maji." Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka. "Jina kama hili huambiwa mtoto kwanza, sikioni. Kesho Padre atalitamka kana kwamba alilijua siku zote, na mahakimu watakubali. Leo kiti mtaweka?"

"Kila mwaka tunaweka."

Kila nyumba upande ule iliweka. Mkesha wa Marehemu Wote mlango hautiwi komeo, na kando ya moto huwekwa kiti kitupu na kikombe cha mvinyo wa tofaa, ili marehemu wa nyumba aote moto.

"Basi nikaribishe."

Mahaut alimfikiria Guérin akitembea na funguo kiunoni. Alimfikiria mwanawe akikua nyuma ya zizi la mtu mwingine.

"Karibu," alisema.

Mtu yule akampa mkono wa kushoto, akamvusha. Mkono ulikuwa wa baridi, tena ulikuwa mwembamba kuliko ulivyopasa. Mahaut alidhani ameushika vibaya. Alipogeuka kushukuru, mawe yalikuwa matupu.

Ilibaki harufu.

Mwani. Harufu ya utoto wake... na bahari ilikuwa mbali na pale.

Ndani ya kanisa Toustain alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe la kaburi la Robert, taa pembeni, vumbi la mawe limemjaa ndevuni.

"Fundi, Padre anasema inatosha kwa leo."

"Padre angekuwa na mgongo kama wangu angesema hivyo tangu adhuhuri." Akajinyoosha, akagugumia kwa maumivu. "Lakini umekuja wakati mzuri, bibi. Mkono wa kushoto nimeuacha. Nichonge vidole vitano au vinne?"

"Vinne. Unajua mwenyewe. Mtego wa mbwa mwitu ulimkata kidole kidogo, mwaka wa pili wa ndoa yetu."

"Najua. Niliuliza kwa adabu tu." Akasita. "Kwa sababu marehemu baba yangu naye aliuliza, alipomchonga Bwana Enguerrand."

Akainua taa.

Pale ukutani walilala mabwana wa Torqueval, wamechongwa kwa mawe, mikono vifuani. Enguerrand, ambaye jiwe la kinu lilimsaga kidole. Herluin, aliyekatwa vitani. Anquetil, ambaye hakuna aliyekumbuka alikatwa na nini. Mkono wa kushoto, kidole kidogo. Wote.

"Mawe ya zamani humeguka," alisema Mahaut.

"Yaliyomeguka nayajua. Hii ni patasi."

"Sema lote, Toustain."

Fundi akatazama mlango kabla ya kusema. "Tulipolisogeza jeneza la Bwana Enguerrand ili mumeo apate nafasi, tulikuwa wanaume wanne, tumejikaza. Nusura tuanguke chali. Lilikuwa jepesi, bibi. Ndani kulikuwa na mchanga. Mchanga wa pwani. Umelowa."

Mahaut alikuwa akimkumbuka Robert aliyemwoa, kijana mcheshi mwenye kigugumizi kikali. Siku ya posa alihangaika na jina lake mpaka wazee wakaanza kukohoa. M-m-Mahaut. Alilipenda jina lake kwa jinsi lilivyomtaabisha mtu yule. Kisha mtego, kidole, homa. Robert aliyeinuka kitandani alisema maneno laini kama mafuta. Mbwa wake, Fauvel, aliyezoea kulala miguuni pake, hakumkaribia tena mpaka bwana wake alipokufa. Mahaut aliilaumu homa. Alimlaumu mbwa.

Aliutazama mkono wake mwenyewe, ule ulioshikwa kijitoni.

Mkono uliomshika haukuwa mwembamba. Ulikuwa na pengo.

"Mtoto," alisema, akakimbia.

Giza lilikuwa limeshaingia alipofika. Mlango ulikuwa wazi, kama mlango wa kila nyumba usiku ule. Ndani, Guérin na Padre Foulques walikuwa mezani wakila samaki wa kuchoma. Yaya Hersent, aliyemlea Robert na sasa alimlea mwana wa Robert, alimpakata mtoto. Kando ya moto palikuwa na kiti kitupu na kikombe.

"Shemeji!" Guérin alicheka. "Umekimbia kama mtu aliyesahau sufuria ya chumvi motoni."

"Funga mlango, Guérin. Kiti hicho kitolewe."

"Tufunge mlango leo? Huko kwenu kwenye matope labda mnafanya hivyo. Kaka yangu aje akute komeo?"

"Ndiyo. Akute komeo."

"Umemsikia, Padre? Miezi mitano tu kaburini, mjane hataki hata aote moto."

"Mahaut, mwanangu, kaa kwanza," alisema Padre Foulques. "Unatetemeka."

Mahaut hakukaa. Alikwenda kwenye kiti, akakishika kwa mikono miwili, akavuta. Kilikuwa kiti chepesi cha mbao. Asubuhi Hersent alikibeba kwa mkono mmoja.

Hakikusogea.

Akavuta tena. Mbao zikalia... *krrr*... kama kiti kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Chini, mbele ya kiti, maji yalikuwa yakitiririka taratibu kuelekea moto. Harufu ya mwani ikajaa chumba. Fauvel, aliyelala chini ya meza, akainuka bila kubweka, akatoka nje akiwa amebana mkia.

"Nilikaribishwa," ilisema sauti.

Kisha wakamwona. Hakutokea, alikuwepo, na macho yao ndiyo yaliyochelewa. Kofia ilikuwa imeshushwa. Guérin akasimama, uso umemparara.

"Kaka?"

Uso ulikuwa wa Robert. Mwanga wa moto ulipogeuka ukawa wa Enguerrand, na Guérin akasema, kwa sauti ya mtoto, "Baba?" Ukageuka tena, ukawa nyuso za mawe ya kanisani.

"Mmehangaika bure," mtu yule alimwambia Padre, karibu kwa huruma. "Mlitafuta ukoo. Hakuna ukoo. Nilikuja peke yangu, nimekaa peke yangu."

"Robert yuko wapi?" Mahaut aliuliza. "Yule wangu. Mwenye kigugumizi."

"Alinipa nafasi. Wote hunipa nafasi, wakifika umri." Akainuka. Maji yakadondoka kutoka johoni. "Nipe mtoto, Hersent. Neno moja tu sikioni. Nitamngoja akue."

Yaya alimkumbatia mtoto, lakini mikono yake ilikuwa ikilegea, kama mikono ya mtu anayesinzia. Mtoto hakulia. Alimtazama mgeni kana kwamba anamjua.

"Bila mimi huyu hana kitu," alisema mtu yule, akipiga hatua. "Baba yake nani? Ni mimi. Babu yake nani? Ni mimi. Kesho utasimama mlangoni pa kanisa na kumtaja nani, binti wa chumvi?"

Hatua nyingine.

Padre alijaribu kuomba. Maneno yalimkaukia mdomoni.

Mahaut akavua ushungi wake, akautupa. Nywele zikamwangukia mabegani mbele ya wanaume, hakujali. Akapiga magoti katikati ya maji yale, kati ya mgeni na mtoto, akapaza sauti aliyoitumia alipokuwa msichana wa ghuba kuita ng'ambo ya mchanga wakati maji yanajaa.

"Haro! Haro! Haro! Mtawala wangu, nisaidie, nadhulumiwa!"

Hakuna mtu Normandia asiyeujua mwito huo. Mnyonge huupiga akiwa amepiga magoti, kichwa wazi, na anayepigiwa, hata awe bwana, huacha alichokuwa akikifanya mpaka baraza liamue. Mwito huo unataka mashahidi wawili tu. Kila mmoja aseme amesikia.

Mguu wa mtu yule ulisimama hewani.

"Padre," Mahaut alisema bila kugeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Padre Foulques, na alikuwa akilia.

"Guérin. Umesikia?"

Guérin alinyamaza. Moto ulikuwa umebaki makaa tu. Mguu ulioinuliwa ukaanza kushuka... mbele... polepole...

"Guérin!"

"Nimesikia," alisema Guérin.

Mahaut hakujua kamwe kama alisema kwa huruma, au kwa sababu alikwishapiga hesabu kwamba mtoto asiye na Yule wa Kwanza hana Torqueval. Ilitosha.

Mguu ukarudi nyuma.

"Mtawala aliyenipa ardhi alikufa zamani," alisema mtu yule.

"Yuko mwingine. Yuko mmoja siku zote. Ulipiga magoti, ukatia mikono yako ndani ya mikono ya Mtawala, ukasema wewe ni mtu wake. Ukiukanyaga mwito wake, umeikana mikono ile. Basi Torqueval haijawahi kuwa yako, na miaka yote hiyo ulikuwa mwizi tu aliyelowa. Haya, ukanyage."

Mtu yule akacheka kidogo, kama mtu aliyeguswa mahali asipopategemea.

"Nani atasikiliza kesi hii?"

"Sijui. Mpaka asikilize, hunikaribii, wala mwanangu."

"Umemnyima baba zake wote."

"Nimemnyima mmoja. Wengine hawakuwepo."

Mtu yule alitoka kinyumenyume, akimtazama Mahaut. Walisikia maji yakidondoka uani, kisha kwenye mawe ya njia, kisha hawakusikia kitu. Hersent akashtuka kama aliyeamshwa. Mtoto akaanza kulia, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa, na Mahaut hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Asubuhi, mlangoni pa kanisa, hakimu mkuu aliuliza: "Auvray huyu ni wa nani?"

Mahaut alikuwa amemshika mtoto kifuani. Angeweza kutaja Robert, Enguerrand, Herluin, Anquetil, kisha akakwama kwa heshima. Hakutaja hata mmoja.

"Ni wa Mahaut, binti Auvray, mchemsha chumvi wa ghuba. Kabla yangu hakuna."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakimu akamtaka arudie, akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Guérin akaapa kwa upanga wake, akapewa funguo.

Guérin alimkuta Mahaut uani akifunga mizigo juu ya punda. Alikuwa na aibu, na watu wenye aibu hupenda utani.

"Shemeji, chumvi njema huko. Nitakukumbuka nikila nyama."

"Ulimwona, Guérin. Usikae katika nyumba hii."

"Nilimwona. Mwaka ujao nitatia komeo." Akazitikisa funguo. "Mimi si mtoto mchanga, atanifanya nini?"

Mahaut alimwita Fauvel, na mbwa yule mzee akamfuata mpaka pwani.

Auvray alikulia ghubani. Alijifunza kukusanya mchanga wenye chumvi jua linapowaka, kuusafisha kwa maji, kuchemsha maji yale katika masufuria mapana mpaka chumvi ikae nyeupe chini. Watu walimwita mwana wa Mahaut, naye hakuona kasoro. Kila jioni, tangu anatambaa, mama yake alimshika mkono wa kushoto akaushikashika kidole kimoja kimoja. Alidhani akina mama wote hufanya hivyo.

Habari za Torqueval zililetwa na wanunuzi wa chumvi. Guérin alikuwa bwana mwema, walisema, mkali kidogo. Kisha mwaka mmoja wakasema mundu ulimkata wakati wa mavuno. Kidole tu. Kidogo, cha kushoto.

Hazikupita siku nyingi, bwana wa Torqueval alikuja mwenyewe, amepanda farasi. Alisimama pale mchanga mkavu unapokutana na mchanga wa chumvi, hakuuvuka mpaka huo. Uso ulikuwa wa Guérin.

"Kesi bado?" aliuliza kwa upole.

"Bado."

"Unazeeka, binti wa chumvi. Mwito wako utakufa na wewe."

"Basi nitachelewa kufa. Ondoka kwenye mchanga wa baba yangu."

Aliinamisha kichwa, akageuza farasi.

Miaka ikapita. Auvray alioa, mkewe akapata mimba. Jioni moja ya vuli, Mahaut akiwa na mvi na magoti mabovu, mwanawe aliingia akiwa amefunga mkono wa kushoto kwa kitambaa chenye damu.

"Si kitu, mama. Kamba ya punda imenibana."

"Fungua."

"Mama, nimesema..."

"Fungua, Auvray!"

Vidole vilikuwa vitano. Lakini kulizunguka shina la kidole kidogo, ngozi ilikuwa imekatika, duara kamili, kama pete.

Nje, maji ya bahari yalikuwa yamekwenda mbali kabisa. Mahaut alitoka. Kule ulikoishia mchanga kulisimama kitu kirefu chenye kofia, na kilikuwa upande wa huku wa mpaka.

Akavua ushungi. Akapiga magoti kwa shida, akikataa mkono wa mwanawe.

"Haro! Haro! Haro! Mtawala wangu, nisaidie, nadhulumiwa!"

Sauti ilikwenda ghuba nzima. Akamgeukia Auvray.

"Umesikia?"

"Mama, unamwita n..."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Shahidi mmoja. Mkwewe alikuwa kwao, majirani walikuwa mbali. Kitu kile kilikuwa kimeinua mguu, kikingoja. Mahaut alitazama kushoto, kulia, mchanga mtupu mpaka mwisho wa macho. Hakushusha kichwa.

"Nani mwingine?" alipaza sauti. "Nani mwingine amesikia?"

Upepo ulitulia.

Kutoka huko mbele, kutoka ndani ya kofia ile ile, mtu mwingine akajibu. Sauti ya kijana, inayohangaika, inayong'ang'ana na neno kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa na mwenye nguvu kuliko yeye.

"N-n-n-nimesikia... M-m-Mahaut."

Na mguu ukarudi nyuma.